Mafiga Matatu, Miguu Minne

Figa moja haliinjiki chungu. Shuleni tuliandikia methali hii insha mpaka ikachuja, na kila mwalimu alitaka tuseme inahusu umoja. Sawa, inahusu umoja. Lakini kabla ya kuhusu umoja ilihusu chungu. Kuna mtu, zamani sana, aliyeweka chungu juu ya jiwe moja kikaanguka, akaongeza la pili kikaanguka tena, akaongeza la tatu kikatulia. Hakuongeza la nne. Hapa nataka kueleza kwa nini hakuongeza, na tumefikaje kutoka mawe yale matatu hadi kuka ya miguu minne iliyosimama jikoni kwa watu wengi hapa Kakamega bila kushikiliwa na kitu chochote.

Niseme mapema kwamba mimi si injinia. Chuo niliacha mwaka wa pili, na siku hizi nalipa nyumba kwa kuandika. Lakini historia ya jikoni haidai cheti. Inadai tu uangalie vitu ambavyo umevizoea hadi huvioni tena.

Tuanze na maneno. Wataalamu wa lugha wanaolinganisha lugha za Kibantu wanasema neno jiko ni la kale mno, lilikuwepo hata kabla Kiswahili hakijawa Kiswahili. Mawe ya jikoni nayo yametapakaa kila upande. Sisi tunasema mafiga, Waganda wanasema amasiga, Wanyarwanda amashyiga. Kule Buganda neno hilohilo, ssiga, ni jina la tawi kubwa la ukoo. Yaani ukimuuliza mtu anatoka tawi gani, ni kama unamuuliza anakaa juu ya jiwe lipi. Tanzania nako, chama tawala CCM kimekuwa kikiomba kura kwa jina la mafiga matatu: mpe rais, mpe mbunge, mpe diwani, wote wa chama kimoja, ndipo chungu kikae. Wakenya tulipopata katiba mpya na vyeo sita kwenye debe tukaiita suti ya vipande sita. Mimi naona Watanzania walichagua mfano mzuri zaidi. Suti ikikosa kipande bado utaivaa, lakini figa likitoka mboga inamwagika.

Sasa, kwa nini matatu? Chukua kigoda cha miguu mitatu ukiweke popote unapotaka, kwenye simiti, kwenye nyasi, kwenye udongo wenye mashimo. Hakitayumba. Miguu yote itagusa chini, kwa sababu nukta tatu daima hupata sehemu moja ya kukalia pamoja. Ukiongeza wa nne, unahitaji sakafu iliyonyooka, la sivyo mguu mmoja utaning'inia. Ndiyo maana ya ile karatasi iliyokunjwa chini ya meza za hoteli zetu. Nyumba za zamani za huku zilikuwa na sakafu ya udongo, zikipakwa kinyesi cha ng'ombe, na sakafu hiyo haikuwa sawa hata siku moja. Jiwe la nne lingekuwa la kuleta shida tu.

Halafu kuna chungu chenyewe. Ukitoka Kakamega kuelekea Kisumu, unapita Ilesi, ambako wanawake wamefinyanga vyungu kwa vizazi na wanaviuza kando ya barabara. Palepale Ilesi ndipo lilipo lile Jiwe Linalolia, mwamba mrefu wa kama mita 40 wenye jiwe kubwa juu yake, na kila mpita njia hujiuliza mbona halianguki. Watu wengi husimama kupiga picha ya mwamba na kupita vyungu bila kuangalia. Angalia chungu cha kupikia: chini ni mviringo. Ukikiweka mezani kinaviringika. Ukikiweka kati ya mafiga matatu kinazama kidogo na kukaa, na kadiri unavyokijaza ndivyo kinavyojikaza zaidi, kwa sababu uzito wake unakisukuma katikati ya mawe. Uzito, ambao kwa vyombo vyetu vya leo ni hatari, kwa chungu ulikuwa ndio msumari.

Kukhu wangu alikuwa amezika mafiga yake kiasi kwenye sakafu. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuyakalia na kuyasogeza, na sababu tuliyopewa ilikuwa ya heshima: mwanamke aliyeolewa alipikia kwanza kwenye jiko la mama mkwe, na kupewa mafiga yake mwenyewe ilikuwa ni kupewa nyumba. Naamini heshima hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini naona pia kwamba jiwe ambalo watoto hawaruhusiwi kuligusa ni jiwe ambalo halitacheza siku chungu cha maharagwe kinachemka juu yake.

Reli ndiyo iliyotikisa mpangilio huu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa kutumia maelfu ya wafanyakazi kutoka India, na inasemwa mara nyingi kwamba hao ndio waliotuletea jiko la bati la makaa. Mtu aliyehamia mjini hakuwa na kuni wala nafasi ya kuzika mawe. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Jiko la bati lilibebeka, liliwashwa nje na kuingizwa ndani, na siku ya kuhama lilihama naye. Kwa mara ya kwanza jiko likawa kitu cha kubeba. Na kitu kinachobebeka kinaangushika pia.

Chungu nacho kikampisha sufuria. Kiwanda cha Kenya Aluminium Works cha Mombasa, ambacho baadaye kilijulikana kama Kaluworks, na viwanda vingine vilijaza nchi sufuria nyepesi, za chini bapa, zisizo na mikono. Sufuria haizami popote. Inakaa juu, na kinachoizuia ni msuguano na kile kitambaa ulichoshika mkononi. Hapo ndipo ugali unapoingia, na wasomaji wa Magharibi wanajua ninachosema. Kusonga ugali wa watu kumi si kukoroga chai. Ni kazi ya mabega. Unasukuma mwiko kwa nguvu upande mmoja, unauvuta upande wa pili, na kila msukumo unaanzia juu kabisa, mbali na sakafu.

Kila kitu kilichosimama kina ukingo wa kuangukia. Ukikisukuma, uzito wake unakirudisha mahali pake mpaka pale kitovu cha uzito kinapovuka ukingo wa kitako chake. Baada ya hapo uzito uleule unakumaliza. Kwa hiyo kuna njia tatu tu za kuzuia jiko lisipinduke: litanue chini, literemshe uzito, au lifunge na kitu kingine kisichosogea. Historia yote inayofuata ni watu wakichagua moja kati ya hizo tatu.

Mafundi wa jua kali walichagua kutanua. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, wakati ambapo kila mtu alikuwa akiogopa misitu kuisha. Baada yake, mradi uliofadhiliwa na Marekani uliwakutanisha wabunifu, mafundi wa bati na wafinyanzi. Walianza na jiko la ndoo kutoka Thailand, lenye udongo ndani ya bati. Lile jiko la Thailand ni pana juu na jembamba chini, kama ndoo kweli. Huko labda linatosha. Kwa msonga ugali ni kualika msiba. Kwa hiyo jiko la Kenya likapewa kiuno: pana juu ambapo udongo unashika makaa, likabanwa katikati, kisha likatanuka tena chini kama suruali za miaka ya sabini. Max Kinyanjui ni mmoja wa Wakenya wanaotajwa zaidi katika kazi hiyo. Makala nyingi za kulisifu jiko hili huzungumzia makaa yanayookolewa. Mimi nasifu kitako. Mtu alikaa, akafikiria mkono wa mpishi wa Kenya, akalichora jiko kulingana na mkono huo. Nenda leo soko lolote hapa, utaliona umbo hilohilo, bila jina la aliyelibuni, bila kibandiko.

Vijijini wakachagua njia ya tatu, kufunga. Miaka ya themanini, Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa mwaka 1952, lilishirikiana na Wajerumani wa GTZ kueneza jiko la kuni ambalo kiini chake ni pipa fupi la udongo wa kuchoma. Baadaye shirika la Kiingereza la ITDG lilifanya kazi na vikundi vya wanawake wafinyanzi huku Magharibi, na jiko likapata jina la Upesi. Unanunua kiini, unakiweka jikoni, unakizungushia mawe na matope mpaka kinakuwa sehemu ya nyumba. Hakisogei. Mtoto akijikwaa juu yake ataumia kidole, lakini sufuria itabaki pale pale. Ukifikiria vizuri, Upesi ni mafiga yaliyorudi na kuni chache zaidi: jiko limezikwa tena.

Kisha gesi ikaja, na hapo tukasahau yote tuliyojifunza.

Kulingana na sensa ya 2019, karibu asilimia 24 ya kaya za Kenya zilikuwa zikipikia gesi hasa, ingawa kuni bado ziliongoza kwa asilimia 55. Mjini, kwa vijana wa umri wangu, gesi maana yake ni meko: mtungi wa kilo 6 na kichomeo kilichokazwa moja kwa moja juu yake. Hakuna kitu cha kijana anayeanza maisha kinachofaa kama meko. Pia hakuna jiko lililovunja kanuni zote tatu kwa pamoja namna hii. Kitako ni chembamba. Moto uko juu. Hakijafungwa popote. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtungi mtupu una takriban nusu tu ya uzito wa mtungi uliojaa, na gesi ya maji hukaa chini. Inavyoisha, meko inakuwa nyepesi na uzito wake unapanda juu. Yaani meko inapinduka kwa urahisi zaidi mwisho wa mwezi, wakati ambapo ndipo unakula ugali kila siku.

Nani aliyelitatua? Si kampuni. Ni wale wale jua kali. Pita penye mafundi wa kuchomelea utaona fremu za chuma, miguu imetanuka, mtungi unaingia katikati, sufuria inakaa juu ya fremu na si juu ya mtungi. Ni mafiga ya chuma. Asiye na fremu anabana mtungi kwa nyayo mbili akisonga, na huo ndio usalama ambao wengi wetu tulirithi.

Tupande ngazi sasa, tufike kwenye kuka. Mababu wa kuka nchini ni majiko ya Dover, ya chuma cha kusubu, yaliyotumika kwenye nyumba za masetla na misheni. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931 mji huu ulijaa wazungu kwa ghafla, na baadhi yao walikaa hadi mgodi wa Rosterman ulipofungwa mwaka 1952. Dover lilikuwa na miguu minne pia, lakini hakuna aliyelifunga ukutani. Halikuhitaji. Ni chuma kitupu. Ungeweza kukalia mlango wake ukasoma gazeti.

Kuka ya leo imerithi umbo la Dover ikaacha uzito. Ni bati jembamba na nafasi tupu katikati. Na mbele ina mlango unaofunguka kuelekea chini. Mlango ule ukiwa wazi ni mtaimbo. Weka uzito kwenye ncha yake, miguu ya mbele inakuwa egemeo, ya nyuma inainuka, na kila kilicho juu kinateleza kumfuata aliyesababisha. Mara nyingi aliyesababisha ana miaka mitatu.

Wamarekani walilipia somo hili kwa watoto na wazee. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilikuwa na rekodi za vifo 33 vilivyotokana na kuka kupinduka kati ya 1980 na 2006. Kuanzia 1991 viwango vyao vilitaka kila kuka ya kusimama yenyewe iuzwe na breketi, kipande cha chuma kinachokazwa sakafuni au ukutani, mguu wa nyuma ukaingia ndani yake usiweze kuinuka. Kipande kidogo kuliko simu yako. Lakini kuuza si kufunga. Wapelekaji walishusha kuka, wakaunganisha gesi, wakaondoka, na breketi ikabaki kwenye mfuko wake. Watu wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 kampuni ya Sears ilifikia maelewano ya kugharamia breketi kwa karibu kuka milioni 4 ilizokuwa imeuza. Uingereza nako, kuka ya gesi yenye mpira unaonyumbulika inatakiwa kufungwa kwa mnyororo au breketi, maana ikivutwa, mpira nao unavutwa.

Kinachonivutia katika kesi hiyo si pesa. Ni swali lililobadilika. Kwa miaka mingi ajali ilipotokea watu waliuliza mtoto alikuwa anafanya nini mlangoni. Baada ya kesi wakauliza kwa nini kuka iliweza kuinuka.

Huku kwetu bado tuko kwenye swali la kwanza. Kwenye ploti ninayoishi, upande wa Lurambi, mwaka jana mtoto wa jirani alifungua oveni akapanda mlango ili afikie mandazi. Kuka iliinama, birika la chai likamjia. Mungu saidia, lilimpata mkono tu, na leo ana kovu ambalo anawaonyesha wenzake kama medali. Jioni ile wamama walipokusanyika, swali lilikuwa moja, lilirudiwa kwa upole na kwa ukali: mama yake alikuwa wapi? Alikuwa hatua nne kutoka pale, anaanua nguo kwa sababu mvua ya saa tisa ya Kakamega haikungoji. Hakuna aliyeinama kuangalia nyuma ya kuka. Mimi niliangalia kesho yake, kwa ruhusa yake. Ilikuwa imesimama huru kabisa, na sukuma ya kidole kimoja juu iliiyumbisha.

Kwa hiyo hii hapa ndiyo sehemu ya kufanya kazi. Kwanza, punguza mayumbo: miguu mingi ya kuka huzungushwa kupanda na kushuka, kwa hiyo isawazishe mpaka yote minne ishike sakafu. Usitumie kadibodi. Pili, fungua ule mfuko mdogo wa plastiki uliokuja ndani ya oveni pamoja na kitabu cha maelezo. Kama kuna breketi au mnyororo, huo si ziada. Kama hakuna, fundi wa jua kali atakukunjia chuma cha pembe kwa muda wa kunywa chai. Tatu, kwenye sakafu ya simiti au ukuta wa mawe msumari wa kawaida hautoshi. Toboa kwa drili, ingiza plagi ya ukutani, kisha skrubu, na uwe na uhakika hakuna bomba wala waya hapo nyuma. Nne, rudisha kuka hadi mguu wa nyuma uingie kwenye breketi, au nasa mnyororo ukiwa umekazwa. Jaribu ikiwa baridi na juu hakuna kitu: ivute taratibu kuelekea kwako kwa juu. Ikiinuka kidogo ikashikwa, umemaliza. Na kila ukiivuta kufagia nyuma, hakikisha imerudi ilipokuwa.

Najua kipingamizi. Landlord hataki ukuta wake utobolewe. Nilimuuliza keateka wetu, akacheka, kisha akasema tundu moja la skrubu huzibwa kwa simiti kidogo siku ya kuhama. Na wengi wetu oveni hatuitumii kuoka, ni kabati la sufuria. Hata hivyo kabati hilo lina mlango, na mtoto hajui kwamba wewe hubeki keki. Sufuria ulizozijaza chini zinasaidia kiasi, kwa kuwa zinateremsha uzito, lakini siku ukizitoa zote uoshe, umeondoa pia ulinzi wako.

Mama wa yule mtoto alitafuta fundi Jumamosi iliyofuata. Kazi ilichukua nusu saa. Wiki moja baadaye nyumba tatu za ploti zilikuwa zimemwita fundi huyohuyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tena akiuliza mama alikuwa wapi. Walikuwa wanauliza fundi anapatikana saa ngapi.